Nilipiga Picha Bahari Iliyofungwa

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua niliishia wapi: nimekaa sakafuni kwenye chumba changu cha picha pale mjini Suva, nabandua picha ukutani huku nalia. Kwa mgeni, nasema upesi. Naitwa Vasiti, mpiga picha za mitindo, na niliiga picha ya mtu. Si kidogo. Niliiga mwanga, nikaiga mkao, nikaiga hadi kiti.

Nilikuwa nimeibandika ukutani miezi minne eti inipe wazo. Wazo lilipokuja, lilikuwa ni ile ile. Watu wakaziweka picha mbili sambamba mtandaoni, Suva nzima ikanicheka, na kazi zangu zote zikafa ndani ya wiki moja.

Akabaki mtu mmoja, Kavita Deo, mbunifu wa nguo. Jarida moja la Auckland lilitaka nguo zake kwenye jalada, na yeye ndiye wa kuchagua mpiga picha. Akanichagua mimi. Msiniulize kwa nini, kwa sababu hata mimi nilimuuliza.

"Ulinipigia picha bure wakati hakuna aliyenijua," alisema. "Lakini sikiliza, dada. Nisione picha ya mtu mwingine ukutani kwako. Hata moja. Ijumaa saa sita mchana nataka kitu ulichokiona wewe, kwa macho yako. Ukishindwa hapo, mimi sina tena la kukutetea."

"Na nikiweza?"

"Ukiweza watanyamaza. Jina lako litarudi."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Nikabandua picha zote, ukuta ukabaki mweupe na mashimo ya pini. Nikaukodolea macho mpaka magharibi. Hakuna kilichokuja.

Jumanne nilizunguka mjini na kamera shingoni. Sokoni, mafungu ya magimbi na akina mama na miavuli yao: nilishaiona picha hiyo. Kituo cha mabasi: nilishaiona. Vitambaa vya magome: hakuna mpiga picha hapa visiwani ambaye hajamvika mrembo kitambaa cha magome. Ua sikioni, mnazi umeinama, hayo waachieni watalii. Kila nilipoinua kamera, ndani yake nilikuta picha ya mwenzangu.

Jioni nikaketi kwenye ukuta wa bahari nikalia kwa sauti. Mzee mmoja anayeuza karanga akasimama.

"Umefiwa, mwanangu?"

"Nimefiwa na macho, baba."

Akanitazama, akayaona macho yangu yako palepale. Akanimiminia karanga mkononi akaenda zake haraka.

Jumatano mama akapiga simu. Mama yangu, Unaisi, alipofiwa na baba alirudi kijijini kwao, Vunisaqa, pwani ya Tailevu. Akasikia sauti yangu, hakuuliza.

"Njoo ule," alisema. "Mwenye njaa hafikiri."

Nikabeba sanduku la nguo za Kavita. Nikamchukua na Ateca, mwanamitindo wangu, binti wa visiwa vya Lau, ana shingo ndefu na mdomo usiolala. Tukapanda basi.

Kijiji kilikuwa kwenye matanga. Mkubwa wao, Ratu Jope, alikuwa amezikwa siku sabini na mbili zilizopita, na matanga ya mkubwa kwetu ni siku mia. Mama alivaa nyeusi, wanawake wote nyeusi. Bahari ya marehemu ilikuwa imefungwa: miti mikavu imesimikwa kwenye tope juu ya mwamba, kila mti na kitambaa chake, na ndani ya ile miti havui mtu wala hatii mguu mpaka siku ya mia.

Wa kwanza kutuona alikuwa mjomba Semesa, kaka mkubwa wa mama.

"Ficheni kuku!" akapiga kelele kijiji kizima kisikie. "Mpwa kaingia!"

Mnaujua ujomba wetu. Mtoto wa dada haombi. Akimtaka kuku wa mjomba anamkamata, akitaka mkeka anaukunja anaondoka nao, na mjomba anabaki kusonya tu. Ni haki yake ya kuzaliwa.

"Mara hii nichukue nini, mjomba?"

"Mchukue mke wangu, kelele zake zimenichosha!"

Kandambili ikatoka dirishani ikampata mgongoni. Nikacheka. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza ndani ya wiki tatu, na ndicho cha mwisho, maana Alhamisi ilikuwa inakuja.

Alhamisi asubuhi nilitoka nje kupiga mswaki. Maji yalikuwa yamekupwa. Nikainua uso, na mswaki ukanidondoka.

Ile miti. Thelathini na kitu, myembamba, kila mmoja umepinda kivyake, vitambaa vyekundu na vyeusi vinapepea, na chini yake maji yametulia, hayana mtumbwi wala nyayo. Siku sabini na tatu hakuna aliyekanyaga pale. Nikaitafuta picha ya mtu mwingine kichwani mwangu nilinganishe. Haikuwepo. Ile ilikuwa yangu.

Sasa hapa ndipo ninapoungama. Sitawaambia sikujua kuwa ni mwiko, kwa sababu nilijua, tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni nilijua. Lakini nilikuwa nimebakiwa na siku moja. Nikajiambia, mimi mpwa, na mpwa huchukua. Tena sichukui samaki, nachukua picha, na picha haipunguzi kitu. Kwa mjomba sikwenda kuuliza. Jibu lake nilikuwa nalo.

Nikamwamsha Ateca, nikamvika gauni la Kavita la rangi ya manjano. Wanaume walikuwa mashambani kwenye mihogo, wanawake ukumbini wakisuka mikeka ya siku ya mia. Tulipofika kwenye mti wa kwanza Ateca akasimama.

"Dada Vasiti, mimi hapo siingii."

"Maji yanafika kwenye vifundo tu, we."

"Vifundo vyangu navyo vina mama wa kuvililia. Kwetu ukiingia sehemu kama hii papa anakutafuta mpaka akupate."

"Maji yamekauka, huyo papa atakuja na basi?"

Akacheka bila kupenda. Kisha akaacha.

"Na wenyewe?"

"Wenyewe ndio mimi. Mama yangu kazaliwa pale unapoona moshi. Mimi mpwa hapa."

"Mpwa wa kuku, dada. Huwezi kuwa mpwa wa msiba."

Miaka ishirini na mmoja, na akili kanizidi. Ningemsikiliza, leo nisingekuwa na hadithi ya kuwapa. Nikamwambia, "Ateca, kesho saa sita nimekwisha. Nisaidie." Akanisaidia. Aliingia kwa ajili yangu, na hilo nalo liko shingoni kwangu.

Nikapiga picha thelathini. Nzuri. Nzuri tu, na nzuri tu haimrudishii mtu jina. Gauni lilikuwa huku na miti iko kule, haviongei.

"Shika mti mmoja," nikamwambia.

"Sishiki."

"Ushike tu, usiung'oe."

"Dada, nimesema sishiki! Hata unitukane!"

Basi nikaung'oa mimi. Nilidhani utanikatalia kidogo. Ulitoka mara moja, na tope likaziba lile shimo mbele ya macho yangu. Nikautia mkononi mwa Ateca. Akaupokea kwa sababu ungeanguka majini, akauinua juu maji yasiguse kitambaa, na machozi yakaanza kumtoka. Anatetemeka, ananitazama kwa chuki, kitambaa chekundu kinapiga shavu lake.

"Usifute machozi," nikamwambia.

Nilisema hivyo. Mimi, kwa mdomo wangu huu. Nikabonyeza mara moja.

Ndiyo ilikuwa picha. Sikuhitaji hata kuitazama.

Mti nikaurudisha, nikaukazia mawe, nikaufunga kitambaa vizuri kuliko ulivyokuwa. Ateca hakunisemesha njia nzima.

Vunisaqa hakuna mtandao, isipokuwa juu ya kilima nyuma ya shule, na hata huko ni jiwe moja tu. Mama ndiye aliyelijua. Akanisindikiza, akapanda juu ya lile jiwe, akaishika simu yangu juu kabisa kwa mikono miwili mpaka picha ikaondoka. Jua lilikuwa kali, kwenye kioo hakuona kitu.

"Imekwenda?"

"Imekwenda, Mama."

Tukakaa kusubiri. Robo saa haijafika simu ikalia. Ujumbe wa Kavita: "Hii ndiyo. Nimewapelekea, wameipokea, ni jalada. Dada, umerudi."

Nikamsomea mama. Jamani! Mwanamke wa miaka sitini na tatu, amevaa nyeusi za matanga, alicheza juu ya lile jiwe mpaka nikamshika asianguke. Akashukuru Mungu kwa sauti. Akanishika mashavu.

"Nilijua! Nilimwambia Semesa, mwanangu si mwizi! Umeipiga wapi hiyo picha?"

"Pwani."

Wakati huohuo ngoma ya gogo la mti ikalia kijijini. Haikuwa ya kanisa. Ilikuwa ile ya kuita watu.

Tulipokuwa tukishuka, mama akaanza kutembea polepole. Kisha akasimama.

"Pwani gani, Vasiti?"

Nikampita, nikaendelea kushuka.

"Nakuuliza, pwani gani?"

"Kwenye mwamba, Mama. Ndani ya miti."

Mama aliketi palepale njiani, kwenye vumbi. Sikuwahi kumwona akiketi chini namna ile, hata siku ya baba. Nikapiga magoti nikamweleza yote, mpaka mti niliong'oa. Hakunipiga. Heri angenipiga.

"Na picha imeshakwenda," akasema.

"Naweza kurudi kilimani nimwambie Kavita aizuie."

"Basi panda."

"Na jina langu, Mama?"

Ngoma ikalia tena.

"Twende kwanza wanakotuita," nikasema. "Tukitoka nitapanda."

Sijui kama nilisema kweli. Nimejiuliza mara nyingi tangu siku ile.

Mama hakwenda ukumbini moja kwa moja. Alipita nyumbani, akafungua sanduku, akatoa jino la nyangumi lililofungwa kwenye kitambaa. Ndicho kitu pekee cha baba tulichobakiwa nacho. Kuomba radhi kwa jino ni kazi ya mwanamume wa ukoo wa baba, lakini ndugu za baba wako mbali Vanua Levu, na kosa lilikuwa la leo. Akalipaka mafuta kidogo, akalishika mwenyewe.

Ukumbi ulijaa. Ateca alikuwa amekaa pembeni na wanawake, bado na gauni la manjano, mmoja kamfunika shuka mabegani. Mbele alikaa Bibi Makereta, mjane wa Ratu Jope, miaka themanini na kitu. Ndiye aliyetuona. Tangu mumewe azikwe hukaa dirishani akiitazama ile bahari, na mimi, na macho yangu yote niliyojisifia, dirisha lile sikuliona.

Kando yake alikaa mjomba Semesa. Nyumbani ni mjomba. Ukumbini ni msemaji wa kijiji, na nilipomtafuta machoni yule mjomba wa kuku, sikumpata.

Mama alitambaa kwa magoti mpaka katikati, jino mikononi. Nikamfuata.

"Nimekuja na mwanangu," akasema. "Ameingia penye mwiko, ameng'oa kilichosimikwa. Hana baba wa kumsemea. Nalitoa jino hili, mtusamehe, msitutupe."

Hakuna aliyepiga makofi ya kulipokea.

"Dada," mjomba akasema, na nilisikia neno hilo lilivyomuuma. "Siku sabini na tatu. Bibi huyu hajala samaki, hajavaa rangi, hajavuka mto. Mti ukishang'olewa bahari imefunguliwa, na bahari ikifunguliwa tunaanza kuhesabu moja. Unaielewa hiyo? Mtazame Bibi. Unadhani ana siku mia nyingine?"

"Mti nimeurudisha, mjomba!" nikaropoka. "Umesimama, nendeni mkaone!"

"Nimekwenda nikauona. Umesimama. Lakini kwenye picha yako je, umesimama?"

Nikausogeza mfuko wa kamera mbele yangu.

"Kwenye picha umeng'olewa," akasema. "Na kila atakayeitazama atauona umeng'olewa. Leo, kesho, mwakani. Matanga yetu hayataisha. Basi sikilizeni neno la kijiji. Picha ifutwe hapa, mbele ya Bibi, isibaki hata moja. Ikifutwa tutalipokea jino, na hesabu itaendelea ilipofika. Isipofutwa, tunaanza moja."

Nikatoa kamera. Nilipoifungua, Bibi Makereta akanyoosha kidole.

"Kwanza nione."

Nikamwekea mbele ya macho. Akaitazama kwa muda mrefu sana. Ateca na machozi yake, mti mkononi, kile kitambaa shavuni.

"Hiki kitambaa ni cha shati la mume wangu," akasema taratibu. "La harusi ya mwanetu mdogo. Nililichana mwenyewe."

Kisha akasema, "Ni nzuri. Ingekuwa mbaya ningekusamehe upesi."

Nililia hapo. Watu walidhani nalia toba, na toba ilikuwepo, nisijinyime. Lakini nililia pia kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuitazama picha yangu namna ile, na aliyeitazama alikuwa yule niliyemwibia.

"Futa," akasema.

Nikafuta. Moja moja, zote thelathini, na ile moja mwishoni. Nikamwonyesha kioo kitupu. Nikatoa simu nikafuta na huko, nikamwonyesha. Wanawake wakashusha pumzi. Mjomba Semesa akainama, na nikaona mabega yake yamelegea. Yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, ilikuwa tayari kwenye bakuli, kifuu kinasubiri.

Nikasema moyoni, imekwisha. Nitapanda kilimani jioni hii hii. Nitamwambia Kavita. Au nitamwambia akate tu upande wa mti. Mtu anaweza kukata upande wa picha. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaza, nimepiga magoti mbele ya mjane.

"Unaisi," Bibi Makereta akaita.

"Naam, Bibi."

"Mtoto nimemwona amefuta. Lakini mtoto ana kazi yake, na kazi humfanya mtu aseme lolote. Wewe ndiye umeshika jino. Nitakusikiliza wewe. Hiyo picha iko mahali pengine popote?"

Kwetu mtu hasemi uongo na jino likiwa mkononi mwake. Sijawahi kumwona aliyejaribu. Wapo wanaotajwa, na wakitajwa, wanatajwa pamoja na makaburi yao.

Mama yangu ni yule aliyenirudisha dukani nikiwa na miaka sita, kanishika sikio, nikakiri kuiba peremende moja mbele ya wateja. Akiombwa kunifichia hata kosa la shule alikuwa akinisema mwenyewe kwa mwalimu. Nilijua atasema kweli. Nilianza hata kujiandaa kuaibika.

Hakumtazama Bibi. Alinigeukia mimi.

"Haipo," akasema. "Haipo popote, Bibi."

Mwanamke mmoja nyuma yetu akaanza kushukuru. Makofi yakapigwa, yale mazito ya kupokea. Mjomba Semesa akasogea kwa magoti, akanyoosha mikono miwili, akalishika jino la baba.

Akalivuta. Halikutoka. Akavuta tena kidogo, akamtazama dada yake usoni, kisha akatazama vidole vyake vilivyokaza.

Macho ya Mama yalikuwa bado kwangu, ananingoja mimi niseme picha iko wapi.